Masomo Niliyoyachagua Nikiwa Bunda

Mkuu wa idara aliniita ofisini kwake siku chache kabla ya likizo ndefu, akaniambia jambo ambalo sikuliamini tangu alipolitamka. Alisema mwaka unaofuata tungechagua masomo mawili ya hiari, na kwamba kwa upande wangu alikuwa ameshanifikiria.

"Chukua Michoro ya Mitambo na Usimamizi wa Viwanda," alisema. "Ni masomo safi. Yatakufaa."

Nilikuwa msichana pekee katika darasa letu la uhandisi wa mitambo kule Dar es Salaam. Wavulana hakuwaita. Wao waliachiwa wachague wenyewe kati ya Mashine za Maji, Majokofu, Zana za Kilimo na hayo mengine. Nilimshukuru kwa adabu, nikatoka nikijiuliza ni lini nilimwambia kwamba naogopa grisi.

Ilikuwa miaka ya vijiji. Watu walikuwa wakihamishwa kutoka mashambani kwao na kupangwa kwenye mistari ya nyumba kando ya barabara, redio ikizungumza asubuhi na jioni juu ya kujitegemea, na sisi tuliokuwa chuoni tuliambiwa kila mara kwamba tunasoma kwa jasho la wakulima. Mimi niliamini hivyo, na bado naamini. Ndiyo maana neno "safi" lilinikaa vibaya. Mkulima wa pamba hakunisomesha ili nikae mahali safi.

Nilipofika nyumbani Makoko, Musoma, nilimweleza baba. Baba alikuwa mvuvi, na mashine ya mtumbwi wake alikuwa akiifungua na kuifunga mwenyewe mbele yetu tangu tukiwa wadogo. Alikuwa anaanua dagaa. Hakuacha kazi.

"Huyo mwalimu wako ana binti?" aliuliza.

"Sijui, baba."

"Labda anakuonea huruma. Labda anataka nafasi ya karakana apewe mtu wake. Wewe usimjibu sasa. Nenda kwanza kwenye hiyo kazi yako ya likizo, uangalie watu wanahangaika na nini, halafu ndiyo uchague."

Kazi ya likizo niliyopangiwa ilikuwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda. Ulikuwa msimu, malori yamepanga foleni hadi nje ya geti, na manyoya ya pamba yalikuwa yameshika kwenye miba ya ua kana kwamba miti imeota mvi. Mhandisi mkuu alinipokea vizuri, akaniagizia chai, akaniita "Ndugu Mhandisi", kisha akanionyesha chumba kidogo chenye meza ya kuchorea.

"Utatuchorea upya ramani ya mitambo," alisema. "Ile ya zamani imeliwa na mchwa."

"Na karakana, mzee?"

"Karakana baadaye."

Hapo nilianza kuunganisha mambo. Mkuu wa idara alisema michoro, na huyu naye anasema michoro. Watu wawili wasiojuana, mmoja Dar es Salaam na mwingine Bunda, hawawezi kusema neno moja kwa bahati tu. Nilikuwa na hakika wamepelekeana habari zangu. Kila siku nilichora hadi mchana, na kila mchana nilipita karibu na karakana nikajifanya natafuta maji ya kunywa.

Fundi mkuu wa karakana alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye pete kubwa ya funguo kiunoni. Kila nilipotokea mlangoni alisimama katikati ya mlango. Alinisalimia, akaniuliza habari za nyumbani, akanitania, lakini hakusogea. Nilimwona ni mtu wa kuficha kitu. Vijana wake nao walinyamaza nilipokaribia. Baadaye nilikuja kujua kwamba wao walidhani nimetumwa na makao makuu kuwachunguza. Wakati huo mali ya umma ilikuwa inasemwa kila mahali, na msichana wa chuo anayechungulia karakana hakuweza kuwa mtu wa heri.

Tulikuwa tunashukiana hivyo, kila mtu kwa upande wake, ndipo lilipokuja ombi kutoka wilayani. Kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Butiama kilikuwa na pampu ya kuvuta maji kutoka lambo na kuyapandisha hadi tangi lililokuwa juu karibu na shule. Pampu ilikuwa imeacha kutoa maji. Injini inawaka, pampu inazunguka, ila tangini halifiki hata tone. Kiwanda kiliombwa kutuma fundi.

Nilikwenda kwa mhandisi mkuu nikamwomba nifuatane na fundi atakayetumwa. Aliangalia dirishani muda mrefu.

"Kwa nini unataka?"

"Nataka kuona pampu, mzee. Nina masomo ya kuchagua."

"Haya," alisema mwishowe. "Lakini usitie saini kitu chochote huko. Chochote."

Sikuelewa, na kwa sababu sikuelewa nilimshuku zaidi.

Tulikwenda na Landrova ya kiwanda, fundi mkuu akiendesha. Tulipokata barabara kuu kuelekea Butiama alianza kunisimulia juu ya watu wa kule. Alisema ni wagumu, kwa sababu wamezoea wageni wakubwa na hawaogopi mtu. Niliona amechukua mnyororo mrefu na magogo mawili nyuma ya gari.

"Ya nini hayo?"

"Ya kupakilia pampu. Tutaileta Bunda."

"Hata hatujaiona."

Alicheka. "Ndugu Mhandisi, pampu ikiacha kutoa maji imekwisha. Inafunguliwa karakana."

Kijijini walitupokea wanawake. Walikuwa wameketi mbele ya kibanda cha pampu, wengi, wengine na watoto mgongoni, na ndoo zao zikiwa tupu. Mkubwa wao alikuwa mama mrefu mwenye sauti nzito, kiongozi wa kikundi chao cha bustani. Alitusalimia, akatuuliza tumetoka ofisi gani, kisha akanitazama mimi kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Na huyu?"

"Ni mhandisi, yuko chuoni," fundi alijibu.

"Wamemleta msichana ili tusishtuke," mama yule aliwaambia wenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Wenzake waliitikia kwa kichwa.

Fundi aliomba wasogee apitishe magogo. Hawakusogea.

"Inafunguliwa hapa hapa," mama alisema. "Tulikuwaga na mashine ya kusaga. Injini yake ilisumbua, wakaja watu kama nyinyi, wakasema inakwenda Musoma kutengenezwa. Mpaka leo tunatwanga. Hii haiondoki."

Fundi alikasirika. Akasema yeye si mwizi, yeye ametumwa na serikali. Mama akamjibu kwamba na wale walitumwa na serikali. Mabishano yalikuwa marefu, mwenyekiti wa kijiji akaitwa, naye alipofika akasimama upande wa wanawake bila hata kuulizwa. Mwishowe fundi aliniachia spana, akaenda kukaa ndani ya gari.

"Fungua wewe," alisema. "Wewe si ndiye msomi."

Nilitandika khanga niliyopewa na mama mmoja, nikaanza kufungua. Kila nati iliyotoka ilikuwa inaangaliwa. Nilipoiweka kwenye khanga, mama yule mkubwa aliiinua, akaigeuza, akauliza kazi yake, kisha akairudisha mahali pake. Sijawahi kufanya mtihani mgumu kama ule. Chuoni mwalimu akikuuliza swali anajua jibu, na wewe unajua kwamba analijua. Hapa waliniuliza kwa sababu hawajui, na kwa sababu walifikiri ninaweza kuwadanganya.

Nilifika ndani kabisa ya pampu. Gurudumu la kusukumia maji lilikuwa zima, halijaliwa hata meno. Ekseli ilikuwa imenyooka. Sikuona ubovu wowote, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sijui kitu. Nilikuwa nimesoma mwaka mzima juu ya maji yanavyopita kwenye bomba, nimejaza madaftari kwa mahesabu, lakini hakuna mtu aliyewahi kunieleza nifanye nini pampu ikiwa nzima na maji hayaji.

"Imekufa?" mama aliuliza.

"Hapana. Ni nzima."

"Sasa maji?"

"Sijui bado."

Nilidhani wangenicheka. Hawakucheka. Nadhani lile neno "sijui" lilikuwa la kwanza kutoka kwangu walilolipokea bila kulichunguza. Nilifunga pampu, nati zote zikarudi mbele ya macho yao, tukaondoka na magogo yetu.

Njiani fundi hakunitania tena. "Wakikataa watachota lamboni na ng'ombe wao," alisema. "Sisi tumefanya kazi yetu." Nilimtazama akiendesha, nikawaza kwa nini mtu ameipa pampu hukumu kabla ya kuiona, na pampu yenyewe ilikuwa nzima. Ingefika Bunda ingeambiwa nini? Ingerudi? Sikumwuliza. Ila tangu siku hiyo nilipopita karakana nilikuwa natazama kila chuma kilichofunikwa turubai.

Jumapili iliyofuata nilipanda lori lililokuwa linarudi kuchukua pamba, likaniacha njia panda, nikatembea hadi kijijini. Nilikuwa nimekumbuka sentensi moja ya mwalimu wetu, aliyoisema haraka na kuipita, kwamba pampu haiwezi kuvuta maji ikiwa inavuta hewa. Nilitaka kulijaza bomba.

Mwenyekiti aliuliza kama nina barua. Sikuwa nayo.

"Basi umekuja kwa nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

Hilo lilimtia wasiwasi kuliko kama ningesema nimetumwa. Aliona mtu asiye na barua, anayekuja Jumapili, peke yake, kuangalia mali ya kijiji. Alikuwa karibu kunirudisha barabarani. Mama yule mkubwa ndiye aliyesema, "Mwache akae. Tutakuwa tunamwona."

Niliwaeleza ninachotaka. Bomba la kuvutia lilitoka lamboni, likapita chini ya ardhi hadi kibandani, na mwisho wake kule majini ulikuwa na kilango kinachozuia maji yasirudi. Nikilijaza maji kutokea kibandani, lilitakiwa kukaa limejaa. Likipungua, basi kuna mahali limetoboka, na mahali hapo ndipo hewa inapoingilia. Wanawake walipanga mstari na ndoo zao. Nilimimina, wakaleta, nikamimina. Maji yalipanda hadi mdomoni, kisha yakaanza kushuka polepole.

"Yanakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Tutafute udongo uliolowa."

Tulitembea kufuata njia ya bomba, tumeinama kama watu waliopoteza hereni. Mama mmoja kijana aliyekuwa mbele alisimama na kuita wenzake. Hapo ng'ombe walipopita kwenda kunywa, na matairi ya trekta yalikuwa yameacha alama, udongo ulikuwa umegeuka mweusi. Tulichimba kwa jembe, kisha kwa mikono. Kiungo cha bomba kilikuwa na ufa, mwembamba, ungeweza kudhani ni mkwaruzo.

Sikuwa na kiungo kingine. Nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande virefu, nikavizungusha nikivikaza kwa nguvu zangu zote, na mwenyekiti mwenyewe akaleta waya na koleo. Tulipowasha injini, pampu ilikohoa mara kadhaa, kisha sauti yake ikabadilika, ikawa nzito. Watoto walikuwa wametumwa juu kwenye tangi. Tulisikia wanapiga bati la tangi kwa mawe. Maji yalikuwa yamefika.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimelowa na kuchafuka hadi nywele, na nilijisikia furaha ambayo sikuwahi kuipata darasani. Mama yule mkubwa alinijia na kikombe cha uji, akaketi kando yangu. Alinitazama nikinywa.

"Sasa niambie kweli, binti," alisema taratibu. "Mliliharibu nyinyi?"

Nilishusha kikombe. "Nani, mama?"

"Watu wa kiwanda. Trekta lililopita hapa lilikuwa la kubeba pamba. Fundi wenu alikuja na magogo kabla ya kuona kitu. Na wewe umekuja peke yako, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye ubovu."

"Sikwenda moja kwa moja, mama. Tumetafuta wote."

"Ndiyo. Tumetafuta wote," alisema, lakini hakusema kwamba ananiamini. Alichukua kikombe, akanifungia viazi vya kupeleka, akanisindikiza hadi njia panda. Tuliagana vizuri. Mpaka leo sijui aliamua nini juu yangu.

Jumatatu nilimweleza mhandisi mkuu kila kitu. Alisikiliza, akafunga mlango, akarudi kwenye kiti chake.

"Tyubu ya baiskeli," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Umemwambia fundi?"

"Bado."

"Usimwambie kwa kujisifu. Mwambie tu. Unajua kwa nini nilikuweka kwenye michoro? Ulidhani ni kwa sababu wewe ni msichana."

Niliitikia kwa kichwa.

"Karakana yangu vitu vinapotea. Sijui ni nani. Kitu kikipotea, wa kwanza kuulizwa ni mgeni. Ningekuweka mle, leo ungekuwa unajibu maswali polisi, na chuo kingekufukuza. Na hata nikimshika mtu, sina namna ya kuthibitisha kilichokuwemo stoo jana. Mimi nilisomea mitambo. Hakuna aliyenifundisha stoo."

Nilitoka pale nikiwa sijui nimeonewa huruma, au nimeonywa, au nimefanywa shahidi wa mtu anayejisafisha mapema. Fundi mkuu nilimwambia habari ya ufa kama nilivyoagizwa. Alisema, "Kumbe," akaendelea kufuta spana zake. Tangu siku hiyo aliniruhusu kuingia karakana. Hilo nalo sikulipenda. Nilijiuliza kwa nini ameniruhusu sasa.

Wiki zilizobaki nilifanya kazi mle, nikajifunza kunoa misumeno ya kuchambulia pamba na kubadilisha mikanda, na nilipokuwa na nafasi nilifikiri juu ya masomo yangu. Mashine za Maji lilikuwa limeshajichagua. Nilitaka kujua yote ambayo sikuyajua siku ile kwenye khanga. Lile la pili ndilo lililonipa shida. Nilipenda Zana za Kilimo. Lakini kila nilipoliwaza niliiona ile injini ya mashine ya kusaga, inapakiwa, watu wanaahidiwa, gari linaondoka. Ubovu wa bomba nilikuwa nimeweza kuufuata ardhini. Ule wa injini haukuwa na udongo wa kulowa. Ulikuwa umepita kwenye ofisi na stoo na mikono ya watu, na mimi sikujua hata pa kuanzia kuchimba.

Chuo kilipofunguliwa nilikwenda kwa mkuu wa idara nikamwambia nimechagua Mashine za Maji na Usimamizi wa Viwanda.

Alifurahi. "Naona moja umenisikiliza."

"Ndiyo, mwalimu," nilisema. Nilimwacha afurahi.

Usimamizi ulinichosha. Mwalimu wake alikuwa na sauti ya kusinzia, na wavulana wawili niliokuwa nao darasani walilichukua kwa kuwa halina maabara. Mimi nilikaa mbele. Nilijifunza jinsi kifaa kinavyopokelewa, nani anakibeba, nani ana haki ya kukidai, na namna kinavyoweza kulala mahali miaka kwa sababu hakuna mwenye haki hiyo anayejua kwamba anayo. Kwenye Mashine za Maji nilifaulu vizuri zaidi. Lakini kama mtu angeniuliza, baada ya miaka yangu yote kazini, ni lipi lililonisaidia mara nyingi, ningelazimika kutaja lile lililonichosha.

Nilipomaliza nilipangiwa idara ya maji, nikapata chumba Kigera, Musoma. Nilianza kuuliza juu ya injini ya kusagia ya kile kijiji, kimyakimya, nikifuata hatua kama nilivyofundishwa. Niliikuta kwenye yadi moja mjini, chini ya mabati, imeshatengenezwa, imepakwa hadi rangi. Hakuna aliyeiiba. Kilichoiponza ni kwamba ilipokuwa tayari, kijiji kilikuwa kimeshaunganishwa na kingine na kupewa jina jipya, na barua ya kuwaita ilitumwa kwa kijiji ambacho hakikuwepo tena. Nilisimama pale nikitafuta mtu wa kumkasirikia, sikumpata. Nilimfikiria fundi wa Bunda, nikajiuliza kama nilimshuku bure. Labda. Ila karakana ile vitu vilikuwa vinapotea kweli, na mtu aliyekuwa anavichukua hakujulikana.

Injini ilirudishwa kijijini kwa lori letu. Mimi siku hiyo nilikuwa safarini Tarime, sikuiona ikishushwa.

Siku hizi mtoto wa dada yangu amesoma uhandisi huo huo, na alipofika mwaka wa kuchagua alinijia. Nilimpa ushauri wangu wote, pampu na stoo, nikamweleza na sababu. Alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza maswali mengi, na macho yake yakaniambia kwamba anajiuliza mimi, mama yake mdogo, nataka nini hasa. Akaenda akachagua Majokofu. Sasa ana mtambo wa barafu Bweri, Musoma, na wachuuzi wa samaki wanamfuata tangu alfajiri. Nikipita huninunulia soda, na hanishirikishi kabisa kwenye mambo ya mtambo wake.